Utepe Juu ya Sanduku la Fomu

Kama hujawahi kufika Jamhuri ya Taratibia, usisikitike. Hata wenyeji wake wengi hawajafika rasmi. Wako mpakani, wanasubiri mpaka uzinduliwe.

Ni nchi nzuri, yenye milima, mahindi na watu wapole, na ina sheria moja ambayo hata mtoto anyonyaye anaijua: kitu ambacho hakijazinduliwa na mgeni rasmi hakipo. Barabara ya lami ikikamilika, magari hupita pembeni yake, kwenye vumbi, hadi siku utepe utakapokatwa. Zahanati moja ya kule kaskazini ilikaa miaka minne na dawa zake, vitanda vyake na muuguzi wake, wagonjwa wakimsalimia muuguzi kupitia dirishani na yeye akiwapa pole. Nchi nyingine husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Taratibia methali hiyo ilipelekwa bungeni, ikafanyiwa marekebisho, na sasa watoto hufundishwa kwamba ngoja ngoja huimarisha matumbo. Wabunge walipiga meza kwa dakika kumi na moja.

Sasa, serikali hiyo yenye huruma iligundua kwamba vijana wake wanamaliza kidato cha sita bila kujua chuo gani kiko wapi, kinafundisha nini, wala maombi yanatumwaje. Ikaumia sana. Katika kuumia huko ikaunda Wizara ya Kuwaandaa Wanafunzi Kutafuta Vyuo, yenye Idara ya Kuandaa, Idara ya Kutafuta na Idara ya Vyuo, ambazo hazisalimiani. Kila mwaka Wizara hupeleka sanduku moja katika kila sekondari. Sanduku lina fomu, na fomu zina utepe, na utepe una mwenyewe.

*

Mwaka ninaousimulia, sanduku lilifika Sekondari ya Mkongoti tarehe mbili Februari, mapema mno, hata walimu wakadhani wameletewa la shule nyingine. Lilikuwa la plaiwudi, limepakwa rangi ya buluu, na juu yake limefungwa utepe mwekundu wenye fundo kubwa kama kipepeo aliyeshiba. Ndani, kwa mujibu wa hati ya makabidhiano, mlikuwa na fomu sitini za kuombea vyuo na kitabu kimoja kinachoeleza kila chuo nchini. Fomu zote zilitakiwa ziwe zimefika vyuoni ifikapo tarehe thelathini na moja Mei.

Sanduku alikabidhiwa Mwalimu Hamduni Kitojo, mwalimu wa historia, mtu wa miaka hamsini na minane mwenye goti moja linalotabiri mvua. Alipewa cheo cha Mratibu wa Maandalizi, cheo kilichokuja na kofia. Mwalimu Hamduni alikuwa mtu wa kufuata sheria. Hata kwake nyumbani hakukalia kiti kipya mpaka mkewe amkatie uzi.

Kila Jumatatu alikuja Bwana Nyororo, Afisa Utepe wa Wilaya, mwembamba, msafi, mwenye rula mfukoni. Alipima urefu wa utepe, akapima masikio ya fundo, akaandika katika daftari lake: Utepe upo. Kisha akasaini, Mwalimu Hamduni akasaini, wakaagana kwa heshima. Tangu azaliwe Bwana Nyororo hakuwahi kuuliza ndani mna nini. Hiyo ilikuwa kazi ya idara nyingine.

Uzinduzi ulipangwa tarehe kumi Machi, na mgeni rasmi angekuwa Naibu Waziri, Mheshimiwa Tandabui. Ukaahirishwa, kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa kwenye semina ya kutunza muda. Ukapangwa Aprili, ukaahirishwa, kwa kuwa kalenda ya mwaka huo yenyewe ilikuwa haijazinduliwa. Tarehe sita Mei ikaja barua ya mwisho: Mheshimiwa atafika tarehe kumi na nne Juni, saa tatu kamili asubuhi, na wote wafike mapema ili wanafunzi wasicheleweshwe.

Mwalimu Hamduni aliisoma mara mbili. Akahesabu kwa vidole kutoka mwisho wa Mei hadi kumi na nne Juni, na vidole vikamwishia. Akaenda ofisini kwa mkuu wa shule, Bi Perpetua, akamwonyesha kwamba fomu zitazinduliwa wiki mbili baada ya vyuo kufunga mlango.

Bi Perpetua aliikunja barua taratibu.

"Mwalimu, jambo hilo mimi nimeliona," alisema. "Ila nimeliona kama mtu binafsi. Kama mkuu wa shule, sijaliona."

Usimcheke mwalimu huyu kwa kutoka pale ameinamisha kichwa. Mwaka uliopita sanduku lilizinduliwa Agosti, kwa matarumbeta, na wanafunzi hamsini na mmoja wakapewa fomu za vyuo vilivyokwisha kujaa. Hata mmoja hakuingia. Kati yao alikuwamo Bwire, kijana aliyepata alama ya juu ya fizikia katika mkoa mzima. Siku hizi alikuwa anapanga matikiti maji sokoni, kwa mistari iliyonyooka ajabu. Kila siku ya gulio alimwamkia Mwalimu Hamduni, kisha akamwuliza kwa adabu, bila kejeli hata chembe, "Mwalimu, lile sanduku limeshafunguliwa?" Mwalimu alianza kununua matikiti kwingine.

*

Katika kidato cha sita cha mwaka huu alikuwamo binti anayeitwa Siwema Kaundu, na huwezi kumweleza Siwema bila kueleza pampu.

Pampu ya kisima cha Mkongoti ilikufa miaka miwili nyuma. Mwalimu Hamduni, ambaye pia alikuwa katibu wa kamati ya maji, aliandika barua arobaini na moja kwa Idara ya Maji kwa niaba ya wanafunzi, kila barua na nakala kwa ofisi nane, na kila mara alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Wanafunzi wakawa wanachota mtoni, mwendo wa saa nzima. Siku moja Siwema aliifungua pampu, akaona mpira wa ndani umelika, akakata ndala yake ya mguu wa kushoto kwa umbo lilelile, akakifunga kipande hicho mahali pake. Maji yakatoka. Wiki nzima alitembea na ndala moja na uso wa mtu aliyevaa viatu vya harusi.

Pampu hiyo, bila shaka, haikuzinduliwa. Kwa hiyo haikuwepo. Kila mwisho wa mwezi shule iliandika katika ripoti, Maji: hakuna, huku mwandishi akinawa mikono.

Siwema alitaka kwenda Chuo cha Maji. Alisikia kwamba kipo. Hakujua kinataka masomo gani, wala anwani yake, kwa kuwa vyote hivyo vilikuwa sandukuni. Siku barua ya uzinduzi wa Juni ilipotangazwa mstarini, alimfuata Mwalimu Hamduni ofisini na kumkuta analitazama sanduku kama mtu anayemtazama jamaa aliyelazwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Siwema."

"Mwalimu, samahani. Utepe si uko juu?"

"Uko juu."

"Na Bwana Nyororo anakagua utepe tu."

"Utepe tu."

"Basi chini hapana anayekagua."

Mwalimu alivua kofia ya Mratibu akaiweka mezani. Alimwambia aende darasani, na kwamba maneno hayo hayakusemwa. Aliogopa, na tusimfichie. Aliyegusa kitu kisichozinduliwa huhamishiwa makao makuu ya Wizara, kwenye korido, asubiri faili lake lipatikane. Mwalimu wa mwisho aliyepelekwa huko yuko mpaka leo, anawaelekeza wageni vyoo vilipo. Na fomu zenyewe zikijulikana kuwa zilitoka kabla ya utepe kukatwa, zinafutwa zote, na waliokubaliwa wanarudishwa nyumbani.

Lakini kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Mwalimu alipita njia ya nyuma, na Bwire alikuwa amehamishia meza yake njia ya nyuma. Alimwamkia. Aliuliza lile swali lake. Safari hii Mwalimu Hamduni alisimama, akanunua tikiti kubwa kuliko yote, akamwambia, "Linafunguliwa keshokutwa." Alipofika nyumbani alikaa chini mlangoni, tikiti mapajani, na mkewe akadhani ni uzito wa tikiti.

*

Walilifungua saa nne asubuhi, walimu wengine wote wakiwa kwenye chai. Siwema alileta bisibisi yake ya pampu. Walitandika kanga, wakalilaza sanduku kwa ubavu kama mgonjwa ili fundo lisijikunje, wakang'oa misumari kumi na sita ya chini, mmoja mmoja. Fomu zote zilikuwamo. Mwalimu alikitoa kile kitabu cha vyuo, akakipangusa kwa mkono wa shati, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kuanzia siku hiyo, kila jioni, wanafunzi hamsini na wanane wa kidato cha sita walikutana nyuma ya maabara, kando ya pampu. Palikuwa mahali salama kuliko pote nchini, kwa kuwa afisa yeyote angefika pale angelazimika kukiri kwamba pampu ipo.

Hapo ndipo Mwalimu Hamduni alipoona ukubwa wa kazi. Mmoja alitaka urubani, na hajawahi kulala kitanda cha juu kwa woga wa kuanguka. Mwingine alitaka udaktari kwa sababu shangazi yake alikwisha kuwatangazia majirani, na sasa majirani wanamletea vidonda. Karibu wote walipoandika barua za kujieleza walianza kwa kuwauliza wakuu wa vyuo hali zao, wakawasalimia na watoto wao, na nafasi ya kujieleza ikaisha hapo. Mwalimu aliwafutia. Alimwuliza kila mmoja swali lilelile: ukiwa peke yako, hapana anayekutazama, mikono yako hushika nini? Kisha walifungua kitabu wakatafuta wapi mikono hiyo inahitajika, kwa alama zipi, na kama chuo cha kwanza kikikataa, cha pili ni kipi. Aliyetaka urubani alikiri kwamba hushika jembe, akaenda kuomba kilimo, akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Siwema alijibu, "Spana." Chuo cha Maji kilikuwa ukurasa wa sabini na mbili, na kilitaka fizikia, hisabati na maelezo mafupi ya kazi yoyote ambayo mwombaji amewahi kuifanya. Aliandika habari za ndala. Mwalimu hakumfutia hata neno.

Tarehe ishirini Mei fomu hamsini na nane zilipelekwa posta. Zilibaki mbili, na sanduku jepesi mno. Mwalimu alitafuta karatasi za kulijaza, zenye ukubwa uleule, na shule nzima ilikuwa na karatasi za aina moja tu kwa wingi huo: nakala za barua za pampu. Wakazipanga vizuri, wakaweka fomu mbili halisi juu kabisa, wakagongea misumari. Jumatatu Bwana Nyororo akaja, akapima. Utepe upo.

*

Siku ya uzinduzi ilifika, na Mheshimiwa Tandabui naye alifika, saa nane mchana. Siwema alikuwa mstari wa mbele. Mfukoni mwa sketi alikuwa na barua iliyokuja jana yake: Chuo cha Maji kimemkubali. Aliikunja mara sita, ili hata ikidondoka ionekane kama si kitu.

Kwanza Mshereheshaji aliwatambua waheshimiwa, mmoja mmoja, na wake zao, na madereva wao. Kisha Mheshimiwa alisimama, akasema itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia tena upya kwa dakika arobaini. Alikumbusha kwamba kabla ya Wizara hii vijana walikuwa wanatafuta vyuo kiholela, wengine walifikia hata kuvipata. Alisema Wizara yake imeandaa maandalizi, na maandalizi yanaendelea kuandaliwa. Akaomba maji ya kunywa. Bi Perpetua akampelekea glasi ya maji ya pampu, Mheshimiwa akayasifu, akayamaliza, maji ambayo hayapo.

Ndipo sanduku likaletwa. Mwalimu Hamduni alitegemea litabebwa kwa utulivu. Hakujua kwamba Wizara imeleta kikundi cha ngoma. Wacheza ngoma wanne walilinyanyua, wakalizungusha uwanja mara tatu, wakilirusha na kulidaka, wakaligeuza kichwa chini miguu juu kwa furaha ya taifa. Mwalimu alisikia karatasi zikigeukageuka ndani, akaushika mti wa bendera.

Mkasi uliletwa kwenye sinia. Utepe ukakatwa. Mheshimiwa akafungua kifuniko, akaingiza mkono, akatoa karatasi ya kwanza iliyokuja, akaiinua juu bila kuitazama.

"Fomu ya kwanza ya mwaka huu," alisema. "Nampa binti huyu wa mbele. Aisome, wananchi wasikie serikali yao ilivyowaandaa."

Siwema aliipokea kwa mikono miwili na goti. Akaona kichwa cha habari. Akamtazama Mwalimu Hamduni, na Mwalimu alikuwa bado ameushika mti wa bendera. Angeweza kubuni maswali, jina, tarehe ya kuzaliwa, na pengine ningekuwa mimi ningebuni. Lakini alikumbuka saa nzima ya kwenda mtoni na saa nzima ya kurudi, akaona barua hii haijawahi kusomwa na mtu mwenye cheo, na nafasi nyingine haitakuja. Akasoma kwa sauti.

"Yah: Ombi la kutengenezewa pampu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wanafunzi wa shule tajwa tunaandika kwa mara ya thelathini na tatu. Hatuna maji. Wadogo wetu wanalala darasani kwa uchovu wa kuchota. Hatuombi mengi. Tunaomba mtu mmoja aje, aangalie. Wenu watiifu."

Bi Perpetua alifumba macho, kama mtu binafsi na kama mkuu wa shule. Bwana Nyororo alitoa kalamu.

Mheshimiwa Tandabui alikuwa anamnong'oneza msaidizi wake habari za chakula. Kwa miaka thelathini ya ugeni rasmi hakuwahi kusikiliza kitu chochote kilichosomwa na mwanafunzi. Alijua tu kwamba sauti ya mtoto ikikoma, yeye husimama. Akasimama.

"Nimeipokea," alisema. "Nimeridhika nayo. Na kuanzia leo, fomu hii niliyoizindua hapa ndiyo fomu, wala hapana nyingine. Yeyote atakayetaka chuo katika nchi hii aijaze hii hii."

Makofi yakapigwa. Matarumbeta yakalia. Katikati ya kelele hizo Bwana Nyororo alimsogelea Mwalimu Hamduni, jasho likimtiririka kwenye kola.

"Mwalimu, ile ni barua ya pampu."

"Ilikuwa," alisema Mwalimu Hamduni, na hakujua mwenyewe ujasiri huo ameutoa wapi. "Sasa imezinduliwa."

Bwana Nyororo alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake wote alikwisha kuuweka katika sheria moja. Kitu kilichozinduliwa kipo, na kisichozinduliwa hakipo. Kwa hiyo fomu nyingine, popote zilipo, hazijawahi kuwepo, na kisichokuwepo hakiwezi kuibwa wala kufutwa. Akaandika katika daftari: Utepe umekatwa. Fomu ipo. Akasaini. Mwalimu akasaini, na safari hii walipeana mkono muda mrefu kidogo.

*

Siwema alikwenda Chuo cha Maji. Wenzake arobaini na watatu nao waliingia vyuo mbalimbali, kwa kuwa vyuoni hapana aliyeuliza habari za utepe.

Na Wizara haikulala. Mwaka uliofuata ilichapa nakala elfu sitini za fomu mpya, ikazifungia masandukuni, ikazizindua nchi nzima. Toka hapo kila kijana wa Taratibia anayetaka kusoma sheria, uuguzi au muziki, hutia saini kwanza kwamba shule tajwa haina maji na pampu ya Mkongoti itengenezwe. Fomu hizo hazirudi Wizarani. Zinapelekwa kwenye anwani iliyoandikwa pale juu, yaani Idara ya Maji, Dawati la Pampu.

Miaka mingi dawati hilo halikuwa na mtu. Sasa lina mtu. Siwema Kaundu alipomaliza chuo aliajiriwa hapo, na asubuhi ya kwanza alifungua mlango wa stoo na kukuta magunia ya karatasi yamefika darini. Alichomoa moja. Akaisoma yote, ingawa aliijua kwa ghibu. Chini yake, mahali pa saini, msichana wa shule ya mbali alikuwa ameongeza kwa penseli, kwa herufi ndogo za woga: naomba pia kujua kama kuna chuo kinachofundisha kupima ardhi.

Siwema alikaa akalia. Kisha akaigeuza karatasi, na upande wa nyuma akaandika jina la chuo, masomo yanayotakiwa, siku ya mwisho, na lile swali la mikono. Akaitia kwenye bahasha ya Idara pamoja na fomu halisi ya chuo, ambayo haipo. Ya pili ilimchukua hadi mchana. Alipoona magunia yamemshinda, alimwandikia Mwalimu Hamduni, mstaafu mwenye goti bovu, akamwajiri kuwa Mshauri wa Pampu. Kwenye mizigo wakamweka Bwire, ambaye sasa anasoma jioni na huyapanga magunia kwa mistari iliyonyooka ajabu.

Ile pampu ya Mkongoti bado inatoa maji, kwa ndala ileile. Wizara nayo ipo, na kila mwaka hutangaza idadi ya wanafunzi iliowaandaa. Lakini ukimkuta kijana wa Taratibia chuoni, umwulize ni nani aliyemsaidia kukitafuta, atakujibu bila kusita, na atashangaa kwa nini unacheka: Idara ya Maji.